Pale Mkono Usipofika

Kuna swali moja ambalo limekaa nami kwa miaka mingi. Sikulipata katika kitabu wala katika mahubiri. Nililipata nikiwa nimelala chali chini ya gari, uso umejaa vumbi na mkono umekwama kati ya chuma na chuma. Swali lenyewe ni hili: je, mtu anawajibika kwa mahali ambapo mkono wake haufiki? Msomaji anaweza kuona kwamba swali la namna hiyo linawahusu mafundi wa gereji peke yao. Namwomba avumilie kidogo, maana nami nilidhani hivyo.

Mwaka 2003 mimi na mdogo wangu tulinunua kwa ubia Land Rover ya chasisi ndefu, toleo la tatu, zile ambazo Waingereza waliacha kuzitengeneza mwaka 1985. Ilikuwa imepitia mikono mingi kabla ya kufika kwetu. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapa Sumbawanga, naye alikuwa dereva. Kazi ya gari ilikuwa kubeba watu na mizigo kati ya mji na bonde la Ziwa Rukwa: maharage kwenda, mchele na samaki kurudi. Anayeijua nchi yetu anaelewa uzito wa safari hiyo. Uwanda wa Ufipa uko kwenye mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Rukwa liko kwenye mita 800 hivi. Katikati pamesimama ule ukuta tunaouita Lyamba lya Mfipa, na barabara ya Muze huushuka kona baada ya kona. Siku zile ilikuwa ya udongo na mawe, na mvua ikinyesha ilikuwa ya utelezi na sala.

Tuligawana kazi. Yeye aendeshe, mimi nitunze. Gereji ilikuwa ghali kwetu, na mshahara wa mwalimu hauna haja ya kuelezwa. Basi nilichimba shimo chini ya mikaratusi nyuma ya nyumba, mtaa wa Chanji, nikatafuta spana moja moja, nikapata na kitabu cha matengenezo kilichopoteza jalada, nikajifunza. Pamoja na spana nilikuwa na chombo kingine nilichokipenda zaidi, nacho ni daftari. Kila kazi niliyoifanya niliiandika humo kwa tarehe, na kilomita, na saini yangu. Mdogo wangu alilitunza daftari lile ndani ya gari kama hati ya kiwanja.

Hapa lazima nieleze jambo la chuma, vinginevyo kosa langu halitaeleweka. Gari hili lina masanduku mawili ya gia yaliyoshikana. La kwanza ni giaboksi yenyewe, inayobeba lita moja na nusu ya oili. La pili, nyuma yake, ni transfa, inayobeba lita mbili na nusu. Kila moja lina oili yake, lina nati ya kumwagia chini, na nati ya kujazia ubavuni au nyuma. Nguvu yote ya injini, iende magurudumu ya mbele au ya nyuma, lazima ipite katika transfa. Zaidi ya hayo, breki ya mkono ya gari hili haikamati magurudumu kama ya magari mengine. Inakamata shafti inayotoka katika transfa, kwa dramu iliyofungwa pale pale nyuma. Sili ya hapo ikichoka, oili huvuja polepole ikaingia ndani ya dramu, na breki ikawa haina meno. Kwa hiyo transfa ikifa mlimani, huenda na mambo matatu kwa mpigo: nguvu ya kupanda, injini ya kuzuia gari lisikimbie, na breki ya mkono.

Mafundi wana kanuni moja kuhusu kazi hii, na ningependa ikumbukwe hadi mwisho wa maelezo haya. Kabla hujafungua nati ya kumwagia, fungua kwanza nati ya kujazia. Ukimwaga oili yote halafu ukakuta nati ya kujazia haifunguki, umelitoa gari damu na huna mahali pa kuirudishia. Tena nati ile ya kujazia ndiyo jicho la sanduku: oili inatakiwa ifike kwenye ukingo wa tundu lake, ianze kutiririka kidogo, ndipo ujue imejaa. Usipoifungua hujui kilichomo.

Julai 2004, katika ile baridi yetu inayowashangaza wageni, nilishuka shimoni kubadilisha oili zote. Injini haikunipa shida. Difu zote mbili hazikunipa shida. Giaboksi ilinipa shida kidogo. Nilipofika kwenye transfa nikaifuata kanuni, nikaanza na nati ya kujazia. Iko upande wa nyuma, na mbele yake kabisa mwenye gari wa zamani alikuwa amechomelea chuma cha kushikilia tangi la ziada. Spana iliingia lakini haikuzunguka. Nilijaribu kwa kulia na kwa kushoto, nilijaribu kwa spana fupi, nilijaribu kwa kulala kifudifudi juu ya magogo. Vidole vikachubuka, na jua likazama nyuma ya mikaratusi. Kesho yake alfajiri kulikuwa na abiria.

Nikaacha. Sikumwaga oili ya zamani, kwa hiyo gari halikuwa kavu. Nikajiambia kwamba iliyomo itasukuma siku. Nikapanda, nikanawa kwa mafuta ya taa, nikawasha taa ya chemli, nikafungua daftari na kuandika: “Oili ya injini, giaboksi, transfa na difu zote mbili: imebadilishwa.” Nikatia saini.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini niliandika vile. Sikupata hata senti moja kwa uongo huo, na hakuna aliyenilazimisha. Nadhani nilitaka tu mstari ukamilike. Mwalimu aliyezoea kujaza shajara ya masomo huona pengo kama aibu. Somo ambalo halikufundishwa kwa sababu ya mvua huandikwa lilifundishwa, na karatasi inapendeza. Tabia ile niliyoilea darasani kwa vitu vidogo ilinifuata hadi shimoni.

Tangu siku hiyo uongo wangu ulianza kufanya kazi bila mimi. Mdogo wangu alipohesabu kilomita za kubadilisha oili tena, alihesabu kuanzia mstari ule. Hata mimi mwenyewe, ajabu, nilianza kuuamini. Nilipoona tone la oili chini ya gari nilisema kwamba Land Rover zote huvuja, jambo ambalo ni kweli, na kwa sababu ni kweli lilinifaa sana.

Februari 2006, miezi kumi na tisa baadaye, gari lilikuwa linapanda kutoka Muze jioni, mvua imetangulia. Ndani kulikuwa na watu kumi na mmoja na magunia ya mchele. Kwa siku kadhaa transfa ilikuwa inalia kama mbu mkubwa. Katikati ya mlima ikapiga kelele moja, kisha ikanyamaza. Injini iliendelea kunguruma lakini gari halikuvutwa. Likasimama kidogo, kama mtu anayefikiri, kisha likaanza kurudi nyuma. Mdogo wangu alikanyaga breki ya mguu akavuta na ya mkono. Ya mkono ikaja laini kama kamba isiyofungwa kitu. Utingo aliruka gizani akasukuma jiwe chini ya gurudumu, kisha la pili, kisha wanaume wote wakashuka wakaleta mawe.

Hakuna aliyeumia. Lakini walikuwapo mama na mtoto wake mwenye homa, wakienda hospitali mjini. Walilala pale, chini ya turubai, katika baridi ya mlima, mpaka lori lilipopita asubuhi. Mtoto alipona. Naliandika neno hilo “alipona” kwa uangalifu, kwa sababu halikutokana na wema wangu.

Sasa ikaja kazi ya kumtafuta mwenye kosa. Pale pale mlimani baadhi ya abiria walikwisha sema kwamba gari limerogwa, kwamba kuna mtu wa bondeni ameona wivu. Msomaji anajua kwamba jina la mji wetu, Sumbawanga, huelezwa kuwa maana yake ni “tupa uchawi”. Tumeupa mji jina hilo, lakini uchawi wenyewe bado tunauokota kila tunapohitaji maelezo ya haraka. Nakiri kwamba niliposikia habari ya kurogwa nilipata nafuu fulani. Mimi niliyewafundisha watoto sayansi kwa miaka ishirini nilinyamaza, nikatamani maelezo hayo yashike.

Hayakushika. Mdogo wangu si mtu wa mambo hayo. Alilifungua daftari, akaona kwamba kaka yake alibadilisha oili, akakumbuka kwamba wiki tatu kabla ya tukio fundi mmoja wa mjini, mzee aliyeheshimika, alikuwa ametengeneza klachi. Hesabu ikawa nyepesi: aliyegusa huko mwisho ndiye aliyeharibu. Gari likavutwa hadi uani kwa mzee yule, naye akadaiwa alitengeneze bila malipo ya kazi. Akalitengeneza. Madereva wa stendi wakaambizana. Wenye magari ya kwenda bondeni wakahamia kwa fundi mwingine. Na mimi nilikuwa nikipita mbele ya ua ule kila siku kwenda shuleni, nikisema, “Shikamoo mzee,” naye akiitikia, “Marahaba mwalimu.”

Nilikaa hivyo miezi mitano. Mtu anayekaa na jambo la namna hiyo hageuki kuwa jambazi. Anageuka kuwa mwanasheria. Nilijitetea usiku kucha. Nilikuwa nimewahi kusoma habari za Immanuel Kant, yule mwanafalsafa wa Ujerumani aliyefariki mwaka 1804, ambaye fundisho lake moja hufupishwa kwa kusema kwamba wajibu hauwezi kuzidi uwezo. Likitakiwa jambo kwangu, lazima liwe jambo ninaloweza. Basi, nikasema, nati ile haikufikika. Mkono wangu haukuingia. Spana haikuzunguka. Wajibu wangu uliishia pale chuma kilipoanzia.

Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, wala siibezi. Hatuwezi kumlaumu mtu kwa kushindwa kufanya lisilowezekana. Muuguzi wa zahanati isiyo na dawa hahukumiwi kwa kukosa dawa. Lakini kadiri nilivyoirudia hoja yangu, niliona kwamba inavuja mahali pawili.

Kwanza, nilipaswa kujiuliza, haikufikika kutokea wapi? Neno “haiwezekani” mara nyingi lina maneno mengine yaliyofichwa nyuma yake: haiwezekani nikiwa nimelala hivi, haiwezekani kabla ya giza, haiwezekani bila kumwomba mtu. Pili, na hili ndilo lililonimaliza, hata kama nati haikufikika, kalamu ilifikika. Hakuna chuma kilichochomelewa kati ya mkono wangu na ukweli. Ningeweza kuandika, “Transfa: sikufanikiwa kuifungua.” Maneno matatu tu. Kosa la kushindwa lingesamehewa na mtu yeyote. Lile la kuandika kwamba sikushindwa ndilo lililopanda mlima wa Lyamba pamoja na watu kumi na mmoja.

Wala sijifichi nyuma ya bahati. Mtu anaweza kusema kwamba gari lilikuwa kuukuu, na transfa ingeweza kuvunjika hata ikiwa na oili mpya. Inawezekana. Lakini kama isingevunjika kabisa, mstari wangu ungekuwa uongo vilevile. Mlima uliudhihirisha tu. Uongo wenyewe ulizaliwa mezani, penye taa.

Katika siku hizo nilikuwa nikiwapeleka wanafunzi kuona malungu, zile tanuru za udongo ambamo babu zetu wa Ufipa waliyeyushia mawe ya chuma, nyingine ndefu kuliko mtu, zikivuta hewa zenyewe kwa matundu ya chini bila mivuo. Nilikuwa nimewaeleza watoto jambo hilo mara nyingi bila kulisikia mwenyewe. Tanuru ikishajazwa na kuwashwa, hakuna mkono unaoweza kuingia ndani. Ndiyo maana uangalifu wote ulitangulia: kuchagua mawe na makaa, kupanga kila kitu mahali pake, kuweka dawa chini ya tanuru, na wafuaji kujitenga na wake zao mpaka kazi iishe. Tunaweza kubishana kuhusu dawa na miiko. Lakini wazee wale walijua kwamba mahali pasipofikika pana madai makubwa zaidi kwa mtu, kwa kuwa hakuna atakayekagua. Mimi nilikuwa nimepachukulia kama mahali pa mapumziko.

Julai 2006 nilimwita mdogo wangu nyumbani nikamweleza. Nilitarajia hasira. Alikaa kimya muda mrefu, akilifungua na kulifunga lile daftari. Kisha akasema, “Kaka, ungeniachia nafasi wazi, ningeangalia mwenyewe.” Hakusema zaidi. Sijawahi kusikia hukumu nzito kuliko hiyo. Nilikuwa nimedhani uongo wangu ulificha uvivu wa siku moja, kumbe ulikuwa umemnyang’anya nafasi ya kujilinda.

Kesho yake nilikwenda kwa mzee fundi. Alikuwa anakunywa chai. Nilipomaliza kueleza, akaweka kikombe chini.

“Mwalimu, nilijua,” alisema. “Transfa niliifungua mimi. Oili iliyotoka haikufika hata lita moja, nyeusi kama lami. Na nati ya kujazia ilikuwa na kutu ya miaka. Haikuwa imefunguliwa na mtu.”

“Sasa mbona hukusema, mzee?”

“Ningemwambia nini mdogo wako? Kwamba kaka yake anaandika uongo? Ukimwaga kitu hicho katika nyumba ya watu, utakirudishia wapi?”

Ilikuwa ile ile kanuni ya nati mbili, na mimi niliijua kwa chuma peke yake. Jina la mzee yule nililimwaga bila kuangalia kama kuna tundu la kulirudishia.

Nilikuwa nimeleta pesa za kazi yake. Alizihesabu mbele yangu, akazitia mfukoni, akasema ni sawa. Kisha akaongeza, bila ukali, “Lakini wateja wa Muze huwezi kuniletea.” Nilikwenda stendi siku mbili mfululizo, nikawaeleza madereva mmoja mmoja. Wengine walicheka, wengine walinipa pole, na wengine, nilikuja kusikia baadaye, waliendelea na hadithi ile ya kwanza kwa sababu walikwisha izoea. Maji yakimwagika hayazoleki. Baadhi walirudi kwake. Wengi hawakurudi.

Kabla sijaondoka siku ile nilimwuliza aliifikiaje nati. Akanichukua hadi kwenye gari, akainua kiti cha katikati, akalegeza skrubu chache, akatoa bamba lililo chini yake. Mkono wake ukashuka moja kwa moja hadi nyuma ya transfa, juu ya kile chuma kilichochomelewa. “Wewe ulikuwa umelala chini,” alisema. “Njia iko huku juu. Ulikuwa umeikalia.”

Gari lile tuliliuza mwaka 2011, na mzee yule ametangulia mbele ya haki. Swali nililoanza nalo nadhani nimepata nusu ya jibu lake. Mtu hawajibiki kupafikia kila mahali, lakini anawajibika kusema wapi hakufika, na kusema hivyo kabla mwingine hajapanda mlima kwa kumwamini. Nusu iliyobaki bado inanisumbua, nayo inahusu ukimya wa mzee. Alilinda undugu wetu kwa kuacha jina lake lichafuke, na wakati huohuo aliniacha miezi mitano zaidi ndani ya uongo wangu. Nikimfikiria kama jirani, naona alitenda vema. Nikimfikiria yule mama na mtoto wake, ambao nao walistahili kujua kwa nini walilala mlimani, sina hakika. Nilimtafuta mama huyo Muze mwaka uleule na sikumpata.

Daftari ninalo hadi leo. Mstari wa Julai 2004 sikuufuta. Niliukata kwa kalamu nyekundu ili uendelee kusomeka, na pembeni nikaandika yale maneno matatu niliyopaswa kuyaandika siku ile.